Minyoo ya ini Mbarali: shajara ya mradi, kutoka machinjioni hadi mferejini

Mradi wetu ni mdogo: kikundi cha wafugaji wa kata moja wilayani Mbarali, mkaguzi wa nyama wa machinjio ya hapa kwetu, mtaalamu wa maabara anayetuazima hadubini, na mimi bwana mifugo wa kata. Kwamba ng'ombe wa Usangu, bonde hili la Mbarali, wana minyoo ya ini halina mjadala, kila mwenye bucha anajua. Tunachotafuta ni wapi wanaiokota na mwezi gani, maana fedha ya dawa ni kidogo na kila mwaka inamwagwa wakati usiofaa. Naandika kila tunapopiga hatua, ili walioko Kilombero, Kilosa au popote penye mpunga na ng'ombe waone la kuchukua na la kuacha.

Machi: machinjioni

Tumeanzia machinjioni kwa sababu ng'ombe aliye hai anaweza kuuficha ugonjwa huu muda mrefu. Mnyama mnene, ngozi inang'aa, akipasuliwa ini limejaa minyoo. Mkaguzi huligeuza ini upande wa mirija, anapitisha kisu kwenye mrija mkubwa wa nyongo, kisha anakamua kwa dole gumba. Minyoo wanatoka wamejikunja, rangi ya kijivu na kahawia. Mmoja tuliyemtandaza kwenye rula alikaribia sentimita 5. Urefu huo unamtaja mwenyewe: ni Fasciola gigantica, mnyoo wa maeneo ya joto, anayeweza kufika sentimita 7 na nusu. Ndugu yake Fasciola hepatica huishia kama sentimita 3, na huyo makazi yake ni nyanda za juu zenye baridi, si huku bondeni.

Maini ya ng'ombe wakongwe yana habari nyingine. Mirija imenenepa na kuota chokaa ndani, kisu kikipita kinakwaruza kama kinakata ganda la yai. Humo wakati mwingine humkuti hata mnyoo mmoja. Waliharibu, wakafa, kovu likabaki. Doa likiwa sehemu moja mkaguzi hukata sehemu hiyo. Likienea, ini zima linakwenda shimoni, na hasara ni ya mchinjaji.

Wateja wanauliza swali lile lile kila wiki: nikila ini lenye minyoo nitaambukizwa? Hapana. Mnyoo mpevu aliye kwenye ini hawezi kuanza maisha upya tumboni mwa mtu. Binadamu huambukizwa kwa njia ile ile ya ng'ombe, yaani kula mbichi mboga za majini au kunywa maji yenye vijifuko vya mnyoo, yaani viluwiluwi vyake vilivyojifunga ganda. Mkaguzi bado ana haki ya kulitupa ini hilo, kwa sababu chakula kilichooza au kuharibika si chakula. Lakini mama lishe aliyeacha kabisa kununua maini kwa hofu hiyo anaweza kurudi.

Daftari la machinjio lilikuwa na safu ya "ini limetupwa" na sababu yake, basi. Tumeongeza safu tatu: ng'ombe ametoka kitongoji gani, kiangazi kilichopita alikuwa akinywa wapi, na umri kwa kuangalia meno. Kwa ng'ombe wa mnadani maswali hayo hayajibiki. Aliyemleta kamnunua jana kwa mtu aliyemnunua juzi. Hao tunawaandika pembeni na hatuwatumii kwenye hesabu ya chanzo.

Aprili: ramani ya malisho

Mvua bado zipo, ng'ombe wako juu kwenye miombo, mbali na mashamba. Ni wakati mzuri wa kukaa na wazee. Tumechora ramani chini kwa fimbo, kisha vijana wakaihamishia kwenye karatasi: mito, mabanio (vizuizi vya kuingiza maji mferejini), mifereji mikuu, mikia ya mifereji ambako maji yanakwisha nguvu na kutuama, visima, malambo, na njia za ng'ombe kwa kila mwezi.

Ramani hiyo haisomeki bila historia. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa eneo oevu la Ihefu na maeneo ya jirani kwa ajili ya kuokoa maji ya mto Ruaha Mkuu, na miaka miwili baadaye eneo kubwa la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wengi walihama na mifugo kuelekea Lindi, Pwani na kwingineko. Waliobaki walibanwa katikati ya hifadhi na skimu za umwagiliaji wa mpunga. Mto wenyewe, tangu miaka ya 1990 mwanzoni, umekuwa ukikatika kiangazi kule chini. Kwa hiyo ukimuuliza mfugaji wa hapa kwa nini analisha ukingoni mwa mfereji, jibu halihusu ujuzi.

"Bwana mifugo," mzee mmoja wa Kisukuma aliniambia, "mwezi wa tisa niwapeleke wapi? Majani mabichi yako mferejini, na maji yako mferejini."

Nimeliandika hilo juu kabisa ya ramani. Vipeperushi vingi vya minyoo ya ini vinasema "epuka kulisha sehemu oevu", kana kwamba kuna sehemu nyingine inayongoja.

Mei: konokono

Bila konokono hakuna mnyoo wa ini. Yai linatoka na kinyesi, likiangukia majini linaangua kwa wiki mbili hivi kukiwa na joto, na kiluwiluwi kinachotoka kina kama siku moja tu ya kumpata konokono anayemfaa. Akimpata, anazaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, na yai moja linaweza kuzaa mamia ya viluwiluwi vipya. Hivyo vinatoka, vinajibandika kwenye shina la majani chini kidogo ya maji au juu ya maji yenyewe, vinajifunga kijifuko kigumu, vinasubiri mdomo wa ng'ombe.

Konokono wetu ni Lymnaea natalensis, ambaye vitabu vya sasa vinamwita Radix natalensis. Kazi ya Mei ilikuwa kumtambua bila kumchanganya na wenzake, na vijana wa kikundi wameipata haraka kuliko nilivyotarajia. Shika gamba, ncha iangalie juu, tundu likutazame. Tundu likiwa upande wako wa kulia, gamba jembamba, mzingo wa mwisho mkubwa kuliko mingine yote pamoja, huyo ndiye. Likiwa kushoto, huyo ni Bulinus, anayebeba kichocho cha mkojo na pia minyoo ya tumbo la kwanza la ng'ombe. Kwa sababu ya huyo wa pili, hakuna anayeingia majini bila viatu vya mpira wala kuchota bila glavu. Kijana mmoja alicheka kwamba ameoga mfereji huo maisha yake yote. Kweli, na ndiyo maana tulimwambia akapime mkojo.

Kwenye mfereji mkuu, ambako maji yanakwenda kasi na kingo ni za zege, tumekosa konokono wa ini kabisa. Kwenye mikia, ambako magugu yamefunga na maji ni maangavu yanayosogea taratibu, wapo chini ya majani ya yungiyungi na kwenye mashina yaliyooza. Na kwenye mifereji midogo inayotoa maji majarubani, hasa ile isiyofukuliwa tangu msimu uliopita, wapo wengi. Malambo ya kunyweshea yaliyochafuka kwa tope na kinyesi yana wachache. Konokono huyu hapendi tope zito, wala hastahimili ukavu wa muda mrefu. Hiyo mifereji ya skimu inayokaa na maji mwaka mzima ndiyo inayomlea.

Hili si jambo jipya. Nzalawahe na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa Arumeru uliohusisha maambukizi haya ya ng'ombe na umwagiliaji. Mfereji tulioufurahia kwa mpunga ndio pia nyumba ya konokono.

Juni: hadubini

Vinyesi tunachukua moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja, kwa glavu ndefu, asubuhi kabla zizi halijafunguliwa. Kilichokwisha anguka chini hatukiokoti.

Njia ya maji ya chumvi, ile ya kuelesha mayai ya minyoo ya kawaida, hapa haifai kwa sababu mayai ya mnyoo bapa kama huyu wa ini ni mazito, yanazama. Tunatumia njia ya kuzamisha: gramu 3 za kinyesi kwenye maji, koroga, pitisha kwenye chujio la chai, acha dakika 5 yatulie, mwaga maji ya juu, ongeza maji safi, rudia. Kinachobaki chini kinawekewa tone la methilini ya bluu. Rangi hiyo inashika uchafu wa majani, mayai yanabaki na rangi yake. Ukiona yai la njano ya dhahabu lenye kifuniko upande mmoja, umempata. Yai la mnyoo wa tumbo la kwanza lina umbo karibu lile lile, ila halina rangi. Mara ya kwanza kuyaona mawili hayo ndani ya uwanja mmoja wa lenzi, kila mtu alitaka zamu yake.

Makundi yanayonywa na kulisha kwenye mikia ya mifereji yanatoa mayai zaidi ya makundi yanayonyweshwa kwenye kisima cha pampu. Ng'ombe wakubwa wanayo zaidi ya ndama. Ndama anayenyonya halishi ukingoni, na mnyoo naye anahitaji miezi mitatu hadi minne ndani ya mwili kabla hajaanza kutaga.

Niweke tahadhari. Mwenye kisima ndiye pia mwenye fedha ya dawa. Tofauti ya mayai kati ya makundi hayo inaweza kuwa ya maji, inaweza kuwa ya chupa ya dawa. Tumeanza kuuliza kila mwenye zizi alinywesha dawa gani mara ya mwisho na lini, tunaomba na chupa tuione. Bila hilo tungeweza kutangaza kwamba visima ndiyo suluhisho na kumbe tunapima mfuko wa mtu.

Julai: mavuno

Mpunga umevunwa. Wenye mashamba wanawakodishia wafugaji mabua, na ng'ombe wameshuka. Jaruba lililovunwa halikauki siku moja; kona za chini zinabaki na maji, machipukizi mabichi yanaota hapo hapo, na ng'ombe anakimbilia hayo kabla ya bua kavu. Nimekaa ukingoni nikiwatazama: kundi linaingia, wakubwa wanaenda moja kwa moja kwenye kona zenye unyevu, ndama wanabaki kwenye tuta.

Kwa maksai hali ni mbaya zaidi. Wanalima ndani ya maji Desemba na Januari, wanafunguliwa nira wakiwa na njaa, wanakula kilicho karibu, yaani majani ya matuta na ya kingo. Kwenye vinyesi vya mwezi uliopita maksai wamo miongoni mwa waliotoa mayai mengi. Mwenye maksai hamchinji, hamuuzi, wala hampi dawa mpaka adhoofike. Hao tumeamua kuwaweka kwenye orodha ya kwanza ya dawa, hata mbele ya mitamba.

Pendekezo la kumwaga dawa ya kuua konokono lilitolewa kikaoni na likakataliwa. Nakubaliana na waliokataa. Mifereji ile ina kambale na perege wanaolisha watu, na konokono aliyeuawa huku anarudi na maji ya wiki ijayo kutoka juu.

Kidogo nje ya mada: huko Indonesia, watafiti Suhardono na Copeman walifanyia kazi njia ya bata. Kinyesi cha bata wenye mnyoo wao fulani kikiingia jarubani pamoja na cha ng'ombe, viluwiluwi vya mnyoo wa bata vinawala vya mnyoo wa ini ndani ya konokono. Wazee walicheka sana. Mmoja ana bata, na ameuliza tena baadaye, safari hii bila kucheka.

Agosti: ng'ombe asiyetoka bandani

Huyu ndiye aliyetugeuza mawazo. Mama mmoja mjini Rujewa anafuga ng'ombe wa maziwa bandani. Ng'ombe wake hajakanyaga mfereji tangu alipozaliwa. Maziwa yameshuka, ukope kwa ndani umekuwa mweupe, na chini ya taya kuna uvimbe laini unaobonyea kwa kidole. Mwenye ng'ombe alidhani ni jipu.

Kinyesi kilikuwa na mayai ya njano.

"Mama, majani unakata wapi?"

"Kijana ananiletea kwa baiskeli. Mabichi, mazuri, kiangazi chote."

Kiangazi chote, mabichi. Tulimfuata kijana. Anakata kwenye mkia wa mfereji, tena chini kabisa ya shina, kwa sababu mzigo unauzwa kwa ukubwa. Hapo chini ndipo vijifuko vinapobandikwa. Ramani yetu ya Aprili ilikuwa imefuata miguu ya ng'ombe, kumbe malisho nayo yana miguu, ya baiskeli na ya pikipiki. Tumechora ramani ya pili ya wakata majani. Mistari yake yote inakwenda kwenye maji yale yale.

Ushauri tuliompa ni rahisi kuufuata: kijana akate juu ya alama ya maji, sehemu ya chini aiache. Majani na mabua yaanikwe juani mpaka yakauke barabara kabla ya kulishwa, kwa sababu kijifuko kinastahimili unyevu kwa miezi lakini jua kavu linakimaliza. Mabua ya mpunga yaliyohifadhiwa kavu tangu mavuno yana hatari ndogo kuliko majani mabichi ya leo, ingawa macho yanaona kinyume. Kijana amekubali kwa sharti kwamba bei ya mzigo isishuke. Mama ameongeza kidogo.

Septemba: dawa

Tumekusanya chupa na vifungashio vya mwaka mmoja kutoka kwenye maboma. Fungu kubwa ni ivemektini. Sindano inaaminika kuliko dawa ya kunywesha, na ivemektini ni nzuri kwa minyoo ya mviringo, chawa na upele. Mnyoo bapa wa ini haigusi. Haimpunguzi wala haimsumbui. Mtu ametumia fedha, ng'ombe amechomwa, na ini liko vile vile. Levamisole peke yake nayo ni hivyo hivyo.

Fungu la pili ni albendazo. Hii inaua mnyoo wa ini, lakini kwa masharti mawili yanayovunjwa kila siku. La kwanza ni kipimo: kwa minyoo ya kawaida ni miligramu 7.5 kwa kilo, kwa mnyoo wa ini ni 10. Ng'ombe wa kilo 250 kwa dawa ya asilimia 10 anahitaji mililita 25. Wengi wanampa chini ya 20, tena kwa kumkadiria uzito kwa macho. Tumenunua mkanda wa kupimia kifua, unazunguka boma hadi boma. La pili ni umri wa mnyoo. Albendazo inaua aliyekwisha pevuka na kukaa kwenye mirija ya nyongo. Aliyeokotwa Agosti, Septemba bado anapenya ndani ya ini lenyewe, na ndiye anayeharibu. Dawa inampita.

Triklabendazo ndiyo inayowafikia wadogo, hata wa wiki chache. Bei yake ni kubwa na si kila duka la pembejeo linayo. Tena ng'ombe anayekamuliwa hapewi hivi hivi, dawa inaingia kwenye maziwa. Wakati wake ni akiwa amekaushwa, yaani amesimamishwa kukamuliwa. Albendazo nayo haifai kwa jike aliye kwenye siku 45 za mwanzo za mimba. Nitroksinili ya sindano inakaa katikati, inawafikia wa kuanzia kama wiki 8, na kwa wapenda sindano huenda ikawa njia ya kuwatoa kwenye ivemektini bila ugomvi.

Kwa hiyo kalenda tunayoijaribu ni ya mara mbili. Mara ya kwanza mwisho wa masika, kabla ng'ombe hawajashuka majarubani, ili wasipeleke mayai kwenye maji ya konokono. Mara ya pili mvua zikishakolea, Januari hivi, kuwaua walioingia kiangazi na sasa wamepevuka. Hiyo ya pili ndiyo ngumu kuuza. Januari majani yamejaa, ng'ombe wananenepa, na mfugaji haoni kwa nini atoe fedha kwa mnyama anayependeza. Sasa hivi kila mtu anataka dawa, kwa sababu sasa hivi ndipo wamekonda, na kukonda kwa Septemba kwingi ni njaa.

Oktoba: tulipofika

Safu mpya za daftari la machinjio zinajazwa, ingawa siku za sikukuu zinarukwa. Maboma yaliyokubali kusubiri Januari ni machache kuliko yaliyokataa. Yaliyokataa hatuyaachi, tutayapima vilevile mwezi huo huo na kulinganisha, na kila boma linaandikwa chanzo chake cha maji, chanzo cha majani na chupa iliyotumika.

Birika la zege la kunyweshea, lenye bomba kutoka kisima cha pampu, limechorwa na fundi na gharama yake imejulikana. Nilipenda wazo la kulijaza kwa maji ya mfereji kwa sababu ni nafuu, ila baadhi ya vijifuko vinaelea na vingeingia na maji. Limebaki kuwa la kisima. Mahali pake ndipo penye mvutano: wafugaji wanalitaka karibu na majaruba, wakulima wanalitaka mbali, kwa sababu ng'ombe anayekuja kunywa hapo Februari atapita kwenye mpunga. Tumeomba nafasi kwenye kikao cha jumuiya ya watumia maji. Ajenda tuliyopeleka ina mambo mawili, eneo la birika na kufukua magugu kwenye mikia ya mifereji kabla ya msimu. La pili wakulima wanalitaka kwa sababu zao wenyewe, maji yafike mwisho wa shamba, na tunalitanguliza kwenye orodha.